Picha Iko Kichwani, Maana Iko Wapi?

Ukipita Kariakoo kando ya wauza madaftari na sare za shule utakuta mabango ya plastiki yananing'inia kwenye kamba: matunda, wanyama, viungo vya mwili, vyombo vya usafiri. Chini ya kila picha kuna neno moja. Embe. Twiga. Goti. Meli. Mzazi ananunua, anabandika ukutani, mtoto anasoma kwa kunyoosha kidole. Biashara hii imesimama juu ya nadharia ambayo muuzaji na mnunuzi hawana haja ya kuitaja: maana ya neno ni picha, na kumfundisha mtu neno ni kumwekea picha kichwani ili siku akilisikia tena, picha ije yenyewe.

Sasa angalia mabango hayo yanakomea wapi. Sijaona la "labda". Sijaona la "deni", "juzi", "ingawa", "haki" wala "shemeji". Mchoraji hajazembea. Ukichora mtu kasimama mlangoni, mkono kaunyoosha, anaweza kuwa mdai, ombaomba, jirani anayeazima chumvi au kishoka anayejidai fundi wa umeme. Lakini mtoto wa Manzese anayeanza darasa la kwanza anajua vizuri shemeji ni nani na deni la dukani ni kitu gani, na hakuna aliyemchorea.

Basi picha zinazotujia kichwani tunaposikia maneno zina kazi gani hasa? Ndizo maana yenyewe, au zinaandamana nayo tu? Swali hili limewasumbua wanafalsafa kwa karne nyingi, wanasaikolojia kwa zaidi ya miaka 140, na sasa wataalamu wa ubongo. Mimi naegemea upande unaosema picha zina kazi kubwa, ila kazi hiyo siyo ile ambayo wengi wetu tunaidhania. Nitaeleza kwa nini, pamoja na yale yanayoupa shida upande wangu.

Wazo la kwamba tunafikiri kwa picha ni kongwe. Aristotle aliandika kwamba roho haifikiri kamwe bila taswira. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika kitabu chake kuhusu akili ya binadamu kilichotolewa kwa tarehe ya 1690, alisema maneno ni alama za mawazo yaliyomo kichwani mwa msemaji. Mimi nina wazo, nalipa sauti, sauti inakufikia, nawe unapata wazo linalofanana na langu. Ikifika hapo tumeelewana. Locke mwenyewe hakusema wazi kwamba kila wazo ni picha, lakini ndivyo alivyosomwa na wengi, na ndivyo wengi wetu tunavyoamini bila kumsoma.

Picha ya nani?

Chukua neno "daladala". Mzee aliyeishi Dar miaka ya themanini huenda akaona chai maharage, ile pikapu iliyofungwa mabenchi mawili, abiria wakitazamana magoti kwa magoti. Kijana wa leo anaona Coaster yenye mstari wa rangi ubavuni. Mwingine haoni gari kabisa; anachopata ni mlio wa konda akigonga bati na joto la saa nane mchana kwenye foleni. Kwa kipimo cha Locke watu hawa watatu hawajaelewana, maana walichonacho vichwani hakifanani. Lakini mzee akimwambia mjukuu wake "panda daladala ushukie Mwenge", mjukuu anafika Mwenge.

Mwanahisabati wa Ujerumani Gottlob Frege alilisema hili mwaka 1892 kwa mfano wa Bucephalus, farasi wa Alexander Mkuu. Mchoraji, mpanda farasi na mtaalamu wa wanyama, alisema, pengine wataambatanisha jina hilo na picha tatu tofauti. Picha ni mali ya mtu mmoja mmoja. Hakuna anayeweza kuichukua yangu akaiona. Maana haiwezi kuwa hivyo. Ingekuwa hivyo, watu wasingeweza kubishana juu ya jambo moja wala kurithishana ujuzi kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Kila mtu angekuwa anazungumzia sinema yake.

Mtetezi wa picha anaweza kujibu kwamba tofauti hizo ni ndogo, na kwamba tukikuzwa sawa picha zetu zitasogeleana. Sawa. Tuseme zinafanana nukta kwa nukta. Bado hazitoshi.

Nenda soko la samaki la Feri. Changu, kibua, jodari, kolekole, papa, taa. Ukisikia "samaki" unaona yupi? Ukiona changu, picha yako ina mapezi ya changu na rangi ya changu. Utamtambuaje taa, aliye bapa kama chapati, kuwa naye ni samaki? Ukisema picha yako haina umbo maalumu, imechanganya wote, jaribu kuichora. Mwanafalsafa George Berkeley alimbana Locke hapo hapo mwaka 1710 kwa mfano wa pembetatu: onyesha taswira ya pembetatu ambayo pande zake si sawa wala si tofauti, pembe zake si kali wala si butu. Haipo. Picha lazima iwe ya kitu fulani, wakati neno linabeba wote kwa mpigo.

Kuna jingine lililo gumu zaidi: picha haijisemei. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1953 akiwa ameshafariki, anatoa mfano wa picha ya mzee anayepanda njia yenye mwinuko mkali huku ameegemea mkongojo. Unajuaje anapanda? Mtu anayeteleza kurudi nyuma akiwa amekaa mkao uleule angeonekana vilevile. Sisi tunamwona anapanda kwa sababu tumezoea kuzisoma picha za namna hiyo, na kuzoea huko hakumo ndani ya picha. Mwenye picha kichwani anahitaji kwanza ajue inasimamia nini, ndipo imsaidie. Akijua inasimamia nini, ameshaelewa.

Ukanushi ndio unaonivutia zaidi. "Leo Mbezi hakuna mvua." Waza picha ya sentensi hiyo. Utapata barabara kavu, anga safi, pengine nguo kwenye kamba. Lakini picha hiyohiyo inafaa kwa "leo Mbezi kuna jua", "watu wamefua", "barabara ni kavu", na pia "leo Mbezi hakuna theluji". Kati ya vitu vyote ambavyo havipo kwenye picha ile, ni kipi kinachokanushwa? Picha haisemi. Neno linasema.

Wittgenstein alikuwa na swali lingine dogo ambalo, kwa maoni yangu, lingetosha peke yake. Mtu akiambiwa "niletee ua jekundu", tunaweza kudhani anawaza kwanza picha ya wekundu, kisha anatembea akilinganisha. Vema. Sasa mwambie "waza doa jekundu". Je, ili atii amri hii inabidi awaze kwanza doa jekundu la kumwonyesha ni doa gani la kuwaza?

Mwendo wa mazungumzo nao hauisaidii nadharia ya picha. Konda anasema: "Dada, kama unashukia Magomeni nikumbushe, chenji yako sijaisahau ila sina ndogondogo." Mna sharti humo, ombi, kukana, kisingizio na ahadi ambayo haikutamkwa. Abiria ameelewa kabla konda hajamaliza, na ameshaanza kununa. "Kama" ilikuwa na picha gani? "Ila" je?

Kuotea

Ikiwa picha si kipimo, kipimo ni nini? Jibu linalokubalika kwa wengi waliofuata njia ya Wittgenstein ni kwamba kuelewa neno huonekana katika yale mtu anayoweza kuyafanya nalo: kulitumia mahali pake, kulikataa mahali pasipo pake, kutoa hitimisho linalofuata na kugundua likitumiwa vibaya.

Chukua wasikilizaji wawili wa mechi ya Simba na Yanga redioni. Mtangazaji anasema mshambuliaji "ameotea". Wa kwanza anaona waziwazi kichwani mshika kibendera amenyanyua mkono, jezi, nyasi za Uwanja wa Benjamin Mkapa, hata jasho. Ukimuuliza kwa nini bao limekataliwa, hana jibu. Wa pili haoni chochote. Lakini anajua kwamba mtu hawezi kuotea akipokea mpira wa kurusha moja kwa moja, wala akiwa ndani ya nusu yake mwenyewe, na kwamba kinachoangaliwa ni alipokuwa mchezaji pale mpira ulipochezwa na mwenzake, hata kama umemfikia baada ya hapo. Nani anaelewa neno "kuotea"? Sidhani kuna mtu wa kijiweni atakayesita.

Unaweza kusema wa kwanza anahitaji picha iliyo kamili zaidi, kitu kama marudio ya televisheni. Mpe. Mpe na pembe nne za kamera. Bado itabidi ajue cha kutazama katika marudio hayo, na ujuzi huo ndio tunaoutafuta.

Hadi hapa nimemkandamiza sana mtetezi wa picha kwa hoja za mezani. Haki yake ipo, na imetoka maabara.

Waliotaka kupima

Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton alichapisha matokeo ya dodoso alilowapelekea watu, wengi wao wanasayansi. Aliwaomba wakumbuke meza yao ya chai ya asubuhi, kisha waeleze mwanga, ukali wa mistari na rangi za kile walichokiona akilini. Alitegemea majibu ya kawaida. Badala yake wanasayansi kadhaa walimwambia hawaelewi anazungumzia nini. Walikuwa wamelichukulia "jicho la akili" kuwa msemo tu wa washairi, na hawakujua kwamba kuna watu wanaoona kweli. Watu wengine walimweleza picha angavu kama wanatazama kitu chenyewe. Hitimisho lake kwamba wanasayansi hasa ndio wasioona limepingwa na waliorudia kazi hiyo baadaye, lakini kwamba watu hutofautiana mno halijapingwa.

Miaka kama 25 baadaye, katika chuo cha Würzburg, Oswald Külpe na wenzake walianza kuwasomea watu sentensi ngumu na kuwauliza: umeelewa? Nini kimepita kichwani? Karl Bühler, mmoja wao, alichapisha kazi yake mwaka 1907. Mara nyingi jibu lilikuwa kwamba mtu ameelewa, anajua ameelewa, na hakuna picha yoyote iliyopita. Edward Titchener, aliyekuwa Cornell huko Marekani, hakukubali. Aliona Wajerumani hawakuchungulia vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa picha hasa. Mwaka 1909 aliandika kwamba hata neno "maana" huliona: ncha ya rangi ya buluu-kijivu ya kitu mithili ya upawa, juu yake kuna manjano kidogo, inachimba kwenye donge jeusi.

Namwamini. Sina sababu ya kudhani alitunga. Ila mpe mtu yeyote upawa ule wa buluu-kijivu bila kumwambia unahusu nini, umuulize ni neno gani. Ushahidi wa Titchener unathibitisha kwamba picha zinakuja hata kwenye maneno dhahania. Hauthibitishi kwamba ndizo zinazoleta maana.

Ugomvi ule haukuwa na mwamuzi, kwa kuwa kila upande ulitegemea maelezo ya mtu kuhusu kichwa chake. Wanasaikolojia wa tabia, waliotaka kupima matendo yanayoonekana tu, walipochukua usukani, hasa Marekani, taswira ikasukumwa kando kwa miongo kadhaa. Ilirudi kwa kishindo mwaka 1971. Roger Shepard na Jacqueline Metzler waliwaonyesha watu jozi za michoro ya vipande vya mchemraba vilivyounganishwa, wakauliza kama ni umbo moja lililogeuzwa. Muda wa kujibu uliongezeka sawasawa na pembe ya mgeuko, kana kwamba mtu analigeuza umbo kichwani kwa mwendo usiobadilika. Mwaka huohuo Allan Paivio wa Kanada alitoa kitabu kikionyesha kwamba maneno ya vitu vinavyoshikika hukumbukwa vizuri kuliko maneno dhahania. Maelezo yake ni kwamba "ndoo" inahifadhiwa kwa njia mbili, kama neno na kama taswira, wakati "uwezekano" lina njia moja. Kwa hiyo mabango ya Kariakoo yana faida ya kweli: yanasaidia kumbukumbu. Kukumbuka neno na kulielewa ni mambo mawili, ingawa darasani huchanganywa kila siku.

Ushahidi ulioigusa lugha moja kwa moja ulikuja mwanzoni mwa karne hii. Rolf Zwaan na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2002, waliwasomesha watu sentensi kuhusu tai aliye angani au tai aliye kiotoni. Kisha ilitokea picha ya tai, na mtu aliulizwa tu: kitu hiki kimetajwa? Waliosoma "angani" walijibu haraka zaidi picha ikiwa ya mbawa zilizokunjuliwa. Waliosoma "kiotoni" walikuwa haraka kwa mbawa zilizokunjwa. Sentensi haikutaja mbawa popote. Inaonekana katika kuelewa, akili ilishaandaa umbo. Jaribio la kabla yake, mwaka 2001, lililohusu penseli iliyosimama kikombeni au iliyolala ndani ya droo, limeyumba yaliporudiwa majaribio ya namna hiyo, lakini lile la umbo limesimama imara zaidi.

Kisha mwaka 2004 Olaf Hauk, Ingrid Johnsrude na Friedemann Pulvermüller waliwalaza watu kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, na kuwaonyesha vitenzi vya Kiingereza vya kulamba, kuokota na kupiga teke. Sehemu za ubongo zinazohusika na kuuendesha uso, mkono na mguu zilichangamka, kila kitenzi karibu na sehemu yake. Mtu amelala kimya, hapigi teke, anasoma tu, na eneo la mguu linaamka.

Wapo waliosherehekea hapo kwamba Aristotle ameshinda. Mimi naona bado. Kwanza, kinachopimwa katika majaribio haya ni athari za sehemu ya sekunde, nyingi hazifiki kwenye fahamu. Hazifanani na ile sinema ya ndani ambayo Galton aliulizia. Pili, Bradford Mahon na Alfonso Caramazza waliuliza mwaka 2008 swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema: je, eneo la mguu linaamka ili neno lieleweke, au linaamka kwa sababu neno limeshaeleweka? Mate hututoka tukisikia "pilau", na hakuna anayedai kwamba mate ndiyo maana ya pilau. Tatu, tai wa Zwaan mwenyewe anahitaji maelezo. Akili ilijuaje kwamba tai wa angani hukunjua mbawa? Sentensi ilipaswa ieleweke kwa kiasi fulani ndipo umbo sahihi lichaguliwe.

Kinachobaki, na si kidogo, ni kwamba kuelewa kwetu kwa kawaida hakukomei kwenye neno. Tukishapata maana tunaendelea kujenga hali nzima, na ubongo unatumia mashine zilezile za kuonea na kutendea.

Wasioona kwa ndani

Hoja zote hizo zingeweza kukatwa mara moja kama wangepatikana watu wasio na picha kabisa. Wamepatikana.

Mwaka 2010 Adam Zeman na wenzake huko Uingereza walieleza habari za mgonjwa waliyempa jina la MX, mkaguzi wa majengo mstaafu ambaye baada ya matibabu ya moyo alijikuta hawezi tena kuona chochote akilini. Macho yalikuwa mazima, kumbukumbu ilikuwa nzima, lugha ilikuwa nzima. Habari zake ziliposambaa, watu walianza kumwandikia Zeman wakisema wao wamekuwa hivyo tangu kuzaliwa. Mwaka 2015 akaipa hali hiyo jina, afantasia. Miongoni mwa waliojitokeza hadharani ni Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni ya filamu za katuni, na Blake Ross aliyeshiriki kuunda Firefox. Makadirio ya kawaida ni asilimia 1 kwa wasioona kabisa, na hadi kama 4 ukijumlisha wanaoona kwa ukungu. Sensa ya 2022 iliihesabu Dar es Salaam watu 5,383,728. Ikiwa asilimia 1 inashika hapa pia, ni zaidi ya watu elfu hamsini, karibu kuujaza Uwanja wa Mkapa, na wengi wao hawajui kwamba wanatofautiana na mtu wa pembeni.

Watu hawa wanasoma magazeti, wanapiga soga, wanacheka vichekesho, wanajadiliana bei. Wanajua twiga ana shingo ndefu na embe bivu lina rangi gani. Kama maana ingekuwa picha, wangekuwa mabubu.

Isitoshe, tofauti yao inapimika bila kutegemea maneno yao. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2021 na maabara ya Joel Pearson huko Australia, watu walisomeshwa gizani visa vya kutisha, kwa mfano kushambuliwa na papa, huku jasho la ngozi likipimwa kwa umeme. Wenye taswira walipanda hofu kadiri kisa kilivyoendelea. Wenye afantasia walibaki tambarare. Lakini walipoonyeshwa picha halisi za kutisha, makundi yote mawili yalishtuka. Kwa hiyo wenye afantasia si wagumu wa moyo. Walielewa kisa, kilichokosekana ni daraja la kutoka kwenye maneno hadi kwenye mwili. Hapo ndipo ninapoona kazi kubwa ya taswira: inayapa maneno nguvu ya kututikisa, inayapa makazi kwenye kumbukumbu, inatuandaa kwa kitakachofuata.

Upande wangu nao una tatizo hapa, nisilifiche. Mwaka 2025 watafiti akiwamo Pearson walionyesha kwamba mtu mwenye afantasia akijaribu kuwaza umbo, katika eneo la ubongo la kuonea kuna dalili za umbo hilo, ingawa mwenyewe haoni kitu, na dalili hizo hazifanani na za kuona kwa macho. Basi mtetezi wa picha anaweza kusema: taswira ipo, ila imejificha. Anaweza. Lakini "picha" ambayo mwenyewe haioni, isiyofanana na kuona, imeshaacha kuwa ile picha tuliyoanza kuizungumzia.

Ushahidi mwingine unatoka kwa watu wasioona tangu kuzaliwa. Locke alisimulia habari za kipofu aliyejitahidi sana kuelewa majina ya rangi, siku moja akatangaza amejua wekundu mkali ni nini: ni kama mlio wa tarumbeta. Wasomi waliicheka hadithi hiyo kwa miaka mingi na kuitumia kama uthibitisho. Kisha mwaka 1985 Barbara Landau na Lila Gleitman wakaandika kuhusu Kelli, mtoto asiyeona. Akiambiwa "tazama juu" alinyanyua mikono, kichwa kikabaki palepale. Watoto wanaoona waliofungwa kitambaa machoni walinyanyua uso. Akiruhusiwa kugusa kitu lakini akakatazwa "kukitazama", alikigusa tu. Akiruhusiwa kutazama, alikipapasa chote. Alijua pia kwamba rangi ni ya vitu, wala si ya mawazo. Hakuwa na wekundu kichwani, lakini maneno ya rangi aliyaweka mahali pake.

Marina Bedny na wenzake wamefika mbali zaidi na watu wazima. Waliwaomba wasioona na wanaoona walinganishe vitenzi kama kuchungulia, kukodoa na kutupia jicho, pia vya mwanga kama kumeta na kung'aa, kwamba kipi kinakaribiana na kipi. Majibu yalikaribia kuwa mamoja. Walichota wapi? Katika maongezi. Mwanaisimu J. R. Firth alisema mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa majirani zake, na mtoto asiyeona anasikia majirani walewale wanaosikiwa na mwenzake. Katika Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko jijini, wasioona husoma pamoja na wanaoona. "Tutaonana kesho" ni kauli ya wote.

Maongezi hayamalizi kila kitu, lakini. Utafiti mwingine wa kundi la Bedny, wa mwaka 2019, ulihusu sura za wanyama. Kwenye maumbo wasioona na wanaoona walipatana kwa kiasi kikubwa. Walipoachana zaidi ni kwenye rangi, ingawa rangi ya tembo ni jambo linalosemeka kwa neno moja. Wasioona walikuwa wakikisia kutokana na aina ya mnyama na mahali anapoishi. Macho yanatupa bure mambo ambayo watu hawaoni haja ya kuyasema.

Ukitaka kulijaribu jambo hili nyumbani, dodoso la Galton halijachakaa. Waombe walio sebuleni wakumbuke chai ya asubuhi ya leo, kisha waulize kwa zamu: mwanga ulitoka upande gani, kikombe kilikuwa na rangi gani, na je, rangi hiyo unaiona sasa hivi au unaijua tu? Swali la mwisho ndilo lenye kazi. Ndugu wa tumbo moja watatoa majibu yasiyofanana, na pengine yupo atakayesema haoni kitu, hajawahi kuona, na alidhani wenzake husema hivyo kwa mzaha. Kwa wanaoijifunza hali hiyo, akiwamo Zeman, si ugonjwa, na hakuna dawa ya kumtafutia. Ameelewa swali lako vizuri kama walivyolielewa waliobaki.